Kanoni Apolo Kivebulaya, Mtoaji Asiyekuwa na Mali



Majuma ya Majilio yameingia na Noeli iko mlangoni. Katika kikao cha wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulimaliza siku ile. Walimu waliomba kwamba siku ya Noeli watoto nao walete sadaka yao, kila mmoja na kitu chake, kwa ajili ya familia zilizofika karibuni na wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Wazazi wengine walifurahi, wengine walinyamaza. Kisha mama mmoja alisimama akasema wazi kwamba mtoto wake hana viatu, anakula mara moja kwa siku, na sasa kanisa linamwomba atoe. Atatoa nini? Wengi waliitikia kwa vichwa.

Swali la mama huyo ni la haki. Hatutaki kulijibu kwa haraka, wala kwa kutupiana mistari ya Biblia. Tumeona afadhali tusimulie kwanza maisha ya mtu mmoja ambaye alipita katika nchi hii tuliyokimbilia, akavuka mto kwenda katika nchi tuliyotoka, akaishi maskini na akafa maskini, na hata hivyo watu wengi walikula na kulala kwake. Huyo ni Kanoni Apolo Kivebulaya. Ndugu zetu wa Ituri wanamjua tangu utotoni. Wengine wamesikia jina tu, na watoto wetu waliozaliwa hapa kambini pengine hawajalisikia kabisa. Basi wazazi, someni habari hii pamoja nao jioni.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Apolo alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu na mwaka 1864. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume wa kwanza huitwa Waswa. Jina lake la nyumbani lilikuwa Waswa Munubi. Hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo, maana wakati huo injili ilikuwa haijafika Buganda. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika mwaka 1877, yeye akiwa tayari kijana mdogo.

Ujana wake haukuwa wa mtakatifu. Buganda ya siku zile ilikuwa nchi ya vita, na dini zilikuwa zimegawanya watu kama siasa zinavyowagawanya leo. Mwaka 1888 Kabaka alipopinduliwa, Waswa alikuwa upande wa Waislamu na alishika silaha pamoja nao. Alivuta bangi. Alikuwa askari kama vijana wengi tunaowajua, anayekwenda palipo na mkubwa wa kumfuata. Lakini kabla ya hapo alikuwa amesikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, na maneno yale hayakumtoka moyoni. Baadaye aliuacha upande ule akajiunga na Wakristo.

Mwaka 1891 alifuata jeshi la Kapteni Lugard lililokwenda magharibi. Safari ile ilipita hapa hapa Kasese. Lugard alijenga ngome kando ya ziwa la chumvi la Katwe, ile chumvi ambayo mpaka leo watu wanaichota wakisimama ndani ya maji. Basi mara ya kwanza Apolo alipoiona milima ya Ruwenzori hakuwa mhubiri. Alikuwa mtu wa jeshi, katika msafara ambao wenyeji waliutazama kwa hofu. Sisi tunajua jinsi jeshi linavyotazamwa na wanakijiji. Ni jambo la kumshukuru Mungu kwamba mtu yule yule alirudi milimani akiwa na kitabu.

KUBATIZWA NA KUPEWA JINA

Mwishoni mwa mwaka 1893 ulitokea mwamko mkubwa katika kanisa la Buganda. Watu walitubu, wengi wakaanza kujifunza kusoma, na tangu mwaka uliofuata walimu wengi wenyeji walitumwa kwenda sehemu za mbali. Katika moto huo Waswa naye alijifunza. Alibatizwa mwezi wa Januari 1895 akachagua jina la Apolo, yule mwalimu wa Agano Jipya aliyejua Maandiko.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake kwa Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya. Aliitwa hivyo kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kuvaa. Inachekesha kidogo, kwa maana mtu huyo aliyeitwa kitu cha Ulaya alitembea miguu mitupu, alilala chini na alikula alichokula mwenyeji wake. Mara nyingi injili imefika kwa Mwafrika ikiletwa na Mwafrika mwenzake, ingawa vitabu vingi huanza kusimulia kwa Mzungu.

Mwaka huo huo wa 1895 alitumwa kuwa mwalimu katika ufalme wa Toro. Wakati ule nchi ambayo leo ni wilaya ya Kasese ilihesabiwa ndani ya Toro. Mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi. Kanisa la Toro lilikuwa changa, mfano wa mtoto anayejifunza kutambaa, lakini halikungoja likue ndipo litume watu. Lilituma mapema.

JEMBE

Ng'ambo ya mto Semuliki, juu ya ukingo wa bonde, ilikuwako nchi ya Boga chini ya chifu Tabaro. Walimu wawili walikuwa wamekwisha kwenda huko kabla ya Apolo. Walishindwa. Hawakushindwa na mapepo wala na simba. Walishindwa na njaa. Chifu alikataa kuwalisha, naye alikataza watu wasiwape chakula. Walimu wale walitoka katika jamii ambayo mwanamume wa heshima halimi, kilimo ni kazi ya wanawake. Hawakushika jembe. Wakarudi.

Mwaka 1896 Apolo akapelekwa mahali pale pale. Alijua habari ya njaa ile. Kabla ya kufika alinunua jembe. Hakuwa na fedha ya kuweka akiba, lakini kile kidogo alichokuwa nacho alikigeuza kuwa chombo cha kulimia. Alivuka ukingo wa milima ya Ruwenzori, akashuka katika bonde lenye joto kali, akavuka Semuliki yenye viboko na mamba, akapanda upande wa pili akiwa na kitabu mkono mmoja na jembe mkono mwingine. Tabaro alipomnyima chakula, Apolo alilima. Aliweka heshima ya Kiganda kando akainama shambani, watu wakimtazama na kumcheka.

Ndugu zetu, tunaomba msipite haraka hapa. Katika maisha yote ya mtu huyu, sisi tunaona jembe hili ndilo fundisho la kwanza. Walimu waliotangulia walikuwa na imani. Lakini walifika wakiwa watu wa kupokea, na aliyewapa alipofunga mkono, kazi yao ikaisha. Apolo alifika akiwa mtu wa kupanda. Kwa hiyo njaa haikumfukuza, na baada ya muda alikuwa na kitu cha kumpa mgeni.

KIFUNGO NA NJOZI

Mwanzoni watu wachache walianza kusoma kwake, na hilo lilimkasirisha chifu. Apolo alikemea ulevi na mambo mengine aliyoona hayafai, na wakubwa hawapendi kukemewa na mgeni. Kisha likatokea jambo baya. Dada wa chifu aliangukia mkuki akafa. Hakuna aliyekusudia kumwua, lakini Apolo alishitakiwa kwamba ndiye sababu ya kifo hicho. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa mpaka Fort Portal mbele ya serikali ya Waingereza, akatiwa gerezani. Mwishowe ilionekana hana hatia, akaachiliwa.

Wako kati yetu waliofungwa bila kosa. Wako walioshitakiwa kwa kifo ambacho hawakukisababisha, kwa sababu tu walikuwa wageni au wa kabila lisilotakiwa. Hao watamwelewa Apolo kuliko wengine.

Katika siku zile za shida, alipokuwa amekata tamaa na kufikiri kuiacha kazi, alipata njozi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alimwona Yesu Kristo katika umbo la mtu anayeng'aa kama jua, akimwambia aende akahubiri msituni kwa kuwa atakuwa pamoja naye. Tangu siku hiyo hakurudi nyuma. Alirejea Boga kwa watu wale wale waliompiga.

Na Tabaro? Chifu yule aliyekuwa amemnyima chakula alijifunza kusoma chini ya mwalimu aliyemtesa, akabatizwa, akachukua jina la Paulo, yule mtesaji wa kanisa aliyegeuzwa. Tangu hapo akawa rafiki na mlinzi wa kanisa la Boga.

NYUMBA YA WATOTO

Tarehe 21 Desemba 1900, siku nne tu kabla ya Noeli, Apolo aliwekewa mikono kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa padri. Miaka iliyofuata alifanya kazi sehemu mbalimbali za Toro. Alitembea vijiji kwa vijiji, akajenga makanisa ya miti na nyasi, akafundisha wavulana na wasichana kusoma, akalima.

Apolo hakuoa. Alikuwa na mchumba lakini mchumba huyo alikufa, naye akaamua kubaki peke yake kwa ajili ya kazi. Katika desturi zetu mtu asiye na mke wala mtoto huhesabiwa kama mti usiozaa. Lakini nyumba yake haikuwa na ukimya. Ilijaa watoto. Alipokea mayatima na watoto waliokombolewa katika utumwa, akawalea kama wake, akawafundisha kusoma na kuomba. Mshahara wa mwalimu wa siku zile ulikuwa mdogo sana, na huo mdogo nao haukukaa mfukoni. Alichopata aligawa. Hakujenga nyumba kubwa wala hakufuga mifugo ya kujitajirisha, ingawa watu wa umri wake walipata ardhi na vyeo katika serikali mpya.

Hapa tuseme jambo moja. Watoto wale hawakukaa kwa Apolo kama wageni wa kuhurumiwa. Mtoto katika nyumba za kwetu huchota maji, huokota kuni, hupalilia na hupeleka chakula kwa jirani mgonjwa. Anayelelewa katika nyumba ambayo mlango wake haufungwi hujifunza kufungua mlango, wala hahitaji kuhubiriwa sana. Na wengi waliofundishwa na Apolo hawakungoja kuwa wazee ndipo watumwe. Aliwatuma wakiwa vijana, na elimu yao ndogo, wakawafundishe wengine.

MPAKA UNAPITA

Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya, Waingereza na Wabelgiji, walipatana juu ya mpaka wa nchi hizi. Baada ya kupimwa, Boga ikabaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu waliokuwa na lugha moja na ndugu wamoja waligawanywa kwa mstari. Mto uliokuwa njia ukawa ukuta. Kanisa la Boga likawa katika nchi nyingine, mbali na askofu wake, na likadhoofika.

Karibu na mwaka 1915 Apolo alirudi Boga. Alikuwa amekwisha kupita miaka 50, umri ambao wengi wetu tungeomba kupumzishwa karibu na nyumbani. Yeye alichagua kuvuka. Alilijenga kanisa upya, na tangu mwaka 1921 aliingia ndani ya msitu mkubwa wa Ituri kwa Wambuti, ambao majirani zao waliwadharau na kuwahesabu kama si watu kamili. Alikaa nao na kuwafundisha katika lugha yao. Wengine waliwataka Wambuti kwa ajili ya nyama ya porini na kazi. Apolo aliwataka kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa mwalimu wa kijijini, lakini hakuhamia Namirembe. Aliendelea kutembea msituni.

KABURI LAKE

Apolo alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo moja ambalo watu wa Boga hawajalisahau. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea kwao, na kwao Apolo kulikuwa mashariki, Buganda. Yeye aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako injili ilikuwa haijafika. Aliomba hata kaburi lake lionyeshe njia ya kwenda mbele.

Aliyoyapanda hayakufa. Kutoka kanisa lile la Boga Waanglikana walienea sehemu nyingi za Kongo. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa Anglikana la Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake, Njojo Byankya, mwenyeji wa Boga. Sisi tulio wa makanisa mengine pia tumekula matunda ya mti huo. Leo Boga yenyewe imeonja moto, na watoto wake wengi wamevuka Semuliki kuja Uganda, njia ile ile ya Apolo, lakini kwa kurudi. Yeye alivuka akiwa na jembe. Wao wamevuka na mafurushi kichwani.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Mtoto asiye na viatu atatoa nini?

Kwanza tukubali kwamba amesema kweli. Posho imepunguzwa, na kuna familia ambazo hazipati tena kitu. Kanisa likimwomba mtoto sadaka bila kujua kama amekula, limekosea. Apolo hakufika Boga akiomba sadaka. Alilima kwanza. Kwa hiyo tumewaomba wazee wa kila zoni watembelee nyumba zote zenye watoto kabla ya Noeli, wajue jikoni kuna nini. Mtoto asiye na chakula apokee kwanza, apokee kwa heshima, wala asitangazwe mbele za watu.

Lakini kuna jambo la pili, nalo linatusumbua zaidi. Watoto wetu wamekua wakiwa katika mstari. Mstari wa maji, mstari wa chakula, mstari wa kadi, mstari wa dawa. Kila mwisho wa mwaka huja watu wema na zawadi, watoto hupangwa, hupigwa picha, hupewa, hushukuru. Tunawashukuru watu hao kwa dhati, Mungu awabariki. Hata hivyo mtoto ambaye kila Noeli ni mkono wa kupokea tu, mwishowe atajiona kwamba yeye ni mkono huo na hana kingine. Hilo ni umaskini ambao hakuna lori litakalouondoa. Njaa ya tumbo imewatesa watoto wetu. Tusiwaongezee nyingine kwa kuwaambia kwamba hawana kitu ambacho mtu mwingine anakihitaji.

Katika Injili ya Yohana tunasoma habari ya kijana aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mkutano ulikuwa mkubwa na wanafunzi walikuwa na mashaka, lakini Bwana hakumwambia kijana yule akale peke yake pembeni. Alikipokea kidogo kile. Na tukumbuke kwamba kijana naye alikula, yeye na wote waliokuwapo.

Pia tuwatazame wenyeji wetu. Wengi wetu tulivuka pale Mpondwe. Bwera ilitupokea kabla ya mashirika kufika. Mama wa Bwera walitupa matoke na maji wakati sisi hatukujua hata tusalimieje kwa Lukonzo. Watu hao si matajiri. Mwaka 2013 na tena mwaka 2020 mto Nyamwamba ulifurika Kasese ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka ukafika Bwera, na mtoto mdogo akafa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Zipo nyumba Bwera ambazo Noeli hii pia zitaweka sahani pungufu mezani. Je, ni haki watoto wetu wafikiri kwamba wao tu ndio wanaolia?

NAMNA YA KUFANYA

Baada ya kuzungumza na walimu, tumepatana mambo haya.

Mtoto atoe kilicho chake. Sarafu ambayo baba anampa mlangoni mwa kanisa aitumbukize kapuni ni sadaka ya baba. Sadaka ya mtoto ni yai la kuku wake mwenyewe, au kiganja cha maharage aliyosaidia kuvuna, au muhogo mmoja, au mzigo mdogo wa kuni. Ni jerikani moja ya maji iliyopelekwa kwa bibi asiyeweza kutembea. Asiye na kitu kabisa ana miguu, ana mikono, ana sauti ya kuimba kwa mgonjwa. Hayo nayo yataandikwa mbinguni, wala hayana bei ya sokoni.

Asilazimishwe. Mzazi akiona hapana, ni hapana, na asiulizwe. Hakuna jina litakalosomwa mbele wala kiasi kitakachotajwa. Mtoto aliyeleta kubwa asisifiwe kuliko aliyeleta dogo.

Apeleke mwenyewe. Sadaka haitarundikwa madhabahuni hata igawanywe na wakubwa peke yao. Watoto watakwenda wawili wawili, pamoja na mwalimu, mpaka mlangoni mwa mtu. Wataingia, watasalimu, watakaa kidogo, wataomba pamoja. Mtoto ajue jina la anayempa, naye ajulikane jina. Hakuna picha.

Mzee au mgeni anayepokea naye atoe kitu, kama anaweza. Amsimulie mtoto habari moja ya kijiji chake, au amwekee mkono kichwani ambariki. Ndivyo kupokea kunavyokuwa bila aibu.

Na jambo la mwisho tunalipendekeza kwa ndugu zetu wa Bwera na Kasese mjini. Watoto wetu wangependa kuwaandalia watoto wenyeji mahindi na maharage ya kupanda kwa msimu ujao, kila mtoto alete punje anazoweza. Tumechagua mbegu kwa sababu ya jembe la Apolo. Punje zikipandwa kule, wakati wa mavuno zitakumbukwa na pande zote mbili.

Kwa yule mama tunasema hivi. Hatukukuita uongeze mzigo juu ya mzigo. Kama Noeli hii mtoto wako atakuja kupokea, mlango ni wake. Na kama atapenda kumchotea jirani maji asubuhi ile, tafadhali usimkataze kwa sababu hana viatu. Apolo naye hakuwa navyo alipouvuka Semuliki.

Bwana aliyezaliwa safarini, akakimbizwa Misri akiwa mtoto mchanga, awalinde watoto wetu wote, walio hapa, walio Bwera na Kasese, na waliobaki nyuma ya mpaka. Awape mikono ya kupokea bila aibu na mikono ya kutoa bila majivuno.

Tunawatakia Noeli njema na mwaka wenye amani. Amina.